Je, Wajua? Pumu ya baridi, dawa ya jua kali

Nchini China, watu ambao pumu huwabana majira ya baridi hubandikwa dawa mgongoni siku za joto kali kuliko zote za mwaka! Tabibu Zhang Lu aliiandika tiba hiyo mwaka 1695. Mbegu za haradali nyeupe husagwa pamoja na mitishamba mingine, kisha unga hukandwa kwa maji ya tangawizi. Hubandikwa kando ya uti wa mgongo, sehemu ya juu, kwenye nukta iitwayo Feishu. Ngozi huwaka. Wengine hutokwa na malengelenge.

Mmea mwingine wa China, ma huang, una kemikali iitwayo efedrini. Nagai Nagayoshi wa Japani aliitenga mwaka 1885, ikaja kuwa dawa ya pumu hospitalini.

Ndosho, jijini Goma, hakuna majira ya joto ya kusubiri. Ikweta iko karibu, na jiji liko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Huko kifua huteswa na vumbi la mawe meusi ya volkano, na gesi ya salfa ya milima ya Nyiragongo na Nyamulagira. Kifua kikishabana, bandiko halikifungui: ni pampu ya kuvuta, upesi.