Nyasi za Gofu na Jua la Kiangazi: Funzo la Ukoka

Saa nane za mchana, mwezi wa Julai, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, kipimajoto kilichowekwa kivulini aghalabu huonyesha zaidi ya nyuzi 30 za Sentigredi. Wakati huo ambapo wachezaji wa gofu hutafuta kivuli, mtunzaji wa uwanja hupiga magoti juani, akakata kwa kisu kipande chembamba cha udongo na kukipima. Hatazami majani. Yeye hutazama mizizi. Mwezi wa Aprili ilikuwa mirefu kama kiganja. Sasa huenda haifiki urefu wa pingili ya kidole. Majani yangali ya kijani, na mpita njia hatambua lolote, lakini mtunzaji anajua kwamba nyasi zake zimo hatarini.

Huenda msomaji akajiuliza: gofu ni mchezo wa watu wachache, na majira ya kiangazi ya nchi za kaskazini yako mbali nasi, yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kanuni zinazotawala uhai wa nyasi hizo ndizo zile zile zinazotawala kiwanja cha mpira cha shule iliyo Tanga au Mombasa. Pili, kama tutakavyoona, wataalamu wa gofu walipotafuta kwa miaka mingi nyasi iwezayo kustahimili joto, sehemu ya jawabu lao ilitoka katika bara la Afrika.

Nyasi za baridi na nyasi za joto

Katika kiwanja cha gofu, sehemu iliyo ngumu kuliko zote kuitunza ni ile inayozunguka shimo, ambayo wachezaji huiita grini. Hapo nyasi hukatwa zikabaki na kimo cha milimita 3 hivi tu, ili mpira upate kubingirika pasi na kizuizi. Katika nchi za baridi, nyasi inayopendwa kwa kazi hiyo ni Agrostis stolonifera, mmea mwembamba utambaao, wenye asili ya maeneo ya ubaridi na unyevu. Majani yake hustawi katika joto la nyuzi 15 hadi 24, na mizizi yake hupenda ubaridi zaidi, yaani nyuzi 10 hadi 18.

Ukoka, ambao wataalamu huuita Cynodon dactylon, ni kinyume chake. Majani yake hukua vizuri katika nyuzi 27 hadi 35, na baridi ikizidi hukauka rangi na kulala usingizi.

Tofauti hiyo imo katika namna mimea hiyo inavyojitengenezea chakula. Kila mmea wa kijani huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na kuigeuza kuwa sukari kwa nguvu za jua. Kazi ya kuishika hewa hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho rubisko. Kwa bahati mbaya rubisko ina kasoro: joto linapopanda huanza kukosea, ikashika oksijeni mahali pa hewa ya ukaa, na sehemu ya jasho la mmea ikapotea bure. Nyasi za baridi hazina kinga dhidi ya kosa hilo. Ukoka, pamoja na jamaa zake mahindi, mtama na muwa, una utaratibu wa ziada: kwanza huikusanya hewa ya ukaa na kuirundika ndani ya seli maalumu, ndipo huikabidhi kwa rubisko. Palipojaa hewa ya ukaa, oksijeni haipati nafasi, na kosa hupungua mno.

Mizizi ndiyo huumia kwanza

Mmea, kama mnyama, hupumua. Hupumua mchana na usiku, na kwa kupumua hutumia sukari iliyotengenezwa mchana. Kadiri joto linavyopanda ndivyo upumuaji unavyoongezeka. Basi, nyasi ya baridi iliyo katika kiangazi kikali hukumbwa na mambo mawili kwa pamoja: mapato yake yanapungua na matumizi yake yanaongezeka. Huanza kula akiba. Akiba inapokwisha, mmea huacha kuilisha mizizi, nayo hufa toka ncha kuelekea juu.

Mwaka 2000, watafiti Qingzhang Xu na Bingru Huang walichapisha matokeo ya majaribio ambamo majani ya Agrostis na mizizi yake viliwekwa katika halijoto tofauti. Ilidhihirika kwamba joto la udongo hudhuru zaidi kuliko joto la hewa. Na mizizi ilipopozwa peke yake, majani nayo yalipata nafuu ijapokuwa yaliendelea kuunguzwa. Ndiyo maana mtunzaji hodari hujali zaidi joto la udongo usiku kuliko jua la mchana. Usiku ukiwa wa fukuto, udongo haupoi, na nyasi haipati mapumziko.

Maji: dawa iwezayo kuwa sumu

Mtu asiye na ujuzi aonapo nyasi zimenyauka hukimbilia mpira wa maji. Pengine hufanya vema, pengine huua. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na mizizi isiyopata oksijeni haiwezi kufyonza. Isitoshe, udongo wenye maji mengi huhifadhi joto kwa muda mrefu. Hapo mmea hunyauka kwa kiu hali miguu yake imo majini.

Kwa sababu hiyo grini za kisasa hujengwa kwa mchanga. Kanuni zilizotolewa na Chama cha Gofu cha Marekani mwaka 1960, na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, hutaka tabaka la sentimita 30 hivi la mchanganyiko ulio mchanga kwa sehemu kubwa, likiwa limekalia sentimita 10 za kokoto, na chini yake mabomba ya kuondolea maji. Maji ya mvua kubwa hupita upesi, na hewa huingia mahali pake.

Katika kiangazi mtunzaji humwagilia alfajiri, maji ya kutosha kufikia mizizi, kisha huacha udongo ukauke kiasi kabla ya kumwagilia tena. Mchana wa joto kali hunyunyiza rasharasha tu. Rasharasha hiyo si ya kunywesha, ni ya kupoza. Kila gramu ya maji inapogeuka mvuke huchukua joto la kalori zipatazo 580, na joto hilo hutoka katika jani. Lakini hila hii hufaa penye hewa kavu na upepo. Hewa ikiwa imejaa unyevu, mvuke haupandi, na jani halipoi. Hivyo katika viwanja vingi vya kusini mwa Marekani hutegwa mapangaboi makubwa kando ya grini, na matawi yanayozuia upepo na jua la asubuhi hukatwa.

Mkato, chakula na maradhi

Jani ndicho kiwanda cha chakula cha mmea. Kulikata fupi ni kupunguza kiwanda wakati ambapo njaa imeingia nyumbani. Kuinua kisu kwa milimita moja tu, au kuacha kukata siku moja na badala yake kupitisha rola, huweza kuokoa grini. Kisu nacho sharti kiwe kikali, kwa kuwa kisu butu hupasua jani, likapoteza maji na kufungulia maradhi mlango. Mbolea ya naitrojeni hutolewa kidogo kidogo, kwani mbolea nyingi hulazimisha majani kukua kwa gharama ya mizizi. Aidha udongo hutobolewa kwa sindano nyembamba za chuma ili upumue. Matundu makubwa hungojea majira ya ubaridi.

Adui mwingine ni kuvu na viumbe vinavyofanana nao. Rhizoctonia huacha mabaka ya hudhurungi yenye umbo la duara. Pythium ni hatari zaidi: usiku usipopoa chini ya nyuzi 20 na majani yakashinda yameloa, huweza kuteketeza eneo kubwa kwa muda wa usiku mmoja au mbili, huku akisafiri kwa maji yatiririkayo na kwa magurudumu ya mashine. Dawa zipo, lakini ni ghali, na dawa ya aina moja ikitumiwa mara kwa mara vimelea huizoea. Dawa kuu ni jani kavu na hewa ipitayo.

Safari ya Pinehurst

Hadithi ya uwanja mmoja yatosha kuonyesha maana ya mambo haya yote. Huko Pinehurst, North Carolina, upo uwanja mashuhuri uitwao Namba 2, uliobuniwa na Donald Ross na kufunguliwa mwaka 1907. Kwa miaka mingi grini zake hazikuwa na nyasi hata kidogo; zilikuwa za mchanga, kama zilivyokuwa baadaye katika viwanja vingi vya Afrika. Nyasi zilipandwa mwaka 1935. Katika miongo iliyofuata Agrostis ya nchi za baridi ilishika nafasi, ikawa inalindwa kila kiangazi kwa mapangaboi, rasharasha na dawa.

Mwaka 2010 na 2011 wenye uwanja walichukua uamuzi wa kijasiri. Waliondoa ekari zipatazo 35 za nyasi zilizokuwa zikimwagiliwa, wakaacha mchanga na magugu ya asili yarudi. Vinyunyizio vya maji vilipunguzwa kutoka 1,150 hivi hadi 450 hivi. Kisha, baada ya mashindano makuu ya mwaka 2014, Agrostis iling'olewa kwenye grini, na mahali pake ukapandwa ukoka chotara uitwao Champion. Mashindano makuu ya Marekani yaliporudi hapo Juni 2024, mpira ulibingirika juu ya ukoka.

Ukoka nao una madai yake. Hauvumilii kivuli, na wakati wa barafu sharti ufunikwe kwa maturubai. Lakini katika kiangazi, msimu uliokuwa wa mashaka, sasa nyasi iko nyumbani.

Asili ya ukoka huo

Chotara hao walianza kupatikana mjini Tifton, Georgia, ambako mtaalamu Glenn Burton alifanya kazi tangu mwaka 1936. Burton alikutanisha ukoka wa kawaida, wenye kromosomu 36, na ukoka mdogo wa Afrika ya Kusini, Cynodon transvaalensis, wenye kromosomu 18. Mtoto aliyezaliwa ana kromosomu 27. Kwa hiyo ni tasa, hatoi mbegu, na huenezwa kwa vipandikizi tu. Tifgreen ilitolewa mwaka 1956. Kutoka kwake ilitokea Tifdwarf mwaka 1965, iliyo fupi zaidi, na katika Tifdwarf ndimo ilimochaguliwa Champion. Burton hakujali gofu pekee: mwaka 1967 ilitolewa Coastcross-1, malisho ya ng'ombe yaliyotokana na kukutanisha chotara wake wa awali na ukoka uliotoka Kenya.

Nyanda zetu za juu zimetoa mchango pia. Nyasi ya kikuyu, iliyopewa jina la Wakikuyu wa Kenya, imetandaa leo katika njia za mchezo za uwanja wa Riviera mjini Los Angeles.

Mafunzo kwetu

Tuchukue kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68. Eneo lake ni mita za mraba 7,140. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi kukipa kiwanja hicho milimita 10 tu ni kumwaga lita 71,400, yaani matangi 7 ya lita 10,000 na zaidi. Katika mji ambako kina mama hupanga foleni ya ndoo, hesabu hiyo si ya mchezo.

Kwa hiyo la kwanza ni kuchagua mmea uliozoea mahali. Pwani na mabondeni, upandwe ukoka, kwa vipandikizi, mvua za masika zianzapo. Penye maji ya chumvichumvi ufukoni, Paspalum vaginatum hustahimili zaidi. Nyanda za juu, nyasi ya kikuyu hufaa.

La pili, majani yasikatwe zaidi ya theluthi moja ya kimo chake kwa mara moja, na katika miezi ya joto la kaskazi yaachwe marefu zaidi.

La tatu, maji yakiwapo yatolewe alfajiri, kwa wingi na kwa nadra. Chomeka spoku ya baiskeli ardhini: ikizama kwa urahisi, bado kuna unyevu.

La nne, udongo mbele ya magoli hushindiliwa na miguu ukawa kama sakafu. Utobolewe kwa uma wa bustani, na magoli yahamishwe kila inapowezekana.

La mwisho ni subira. Ukoka uliogeuka rangi ya majani makavu mwezi wa Februari mara nyingi haujafa. Vikonyo vyake vilivyo chini ya ardhi vinangojea mvua. Hakuna haja ya kuutia maji ambayo watu wanayahitaji kwa kunywa. Watunzaji wa Pinehurst walitumia miaka mingi na fedha nyingi kuilazimisha nyasi ya baridi iishi katika joto, hatimaye wakaukubali mmea ulioumbwa kwa joto. Sisi mmea huo tunao mlangoni petu, na mara nyingi tunaung'oa kwa jembe tukiuita gugu.