Kifungo cha Maisha Kipitiwe Mtu Akiwa Hai

Nilikuwa katibu wa ligi ya vijana huku Katumba, karibu na Tukuyu. Siku moja ya mvua tulimfungia kijana maisha kwa kumpiga mwamuzi. Barua niliiandika kwa mkono wangu. Baada ya misimu miwili tukagundua kuwa jezi yake namba 6 siku ile ilivaliwa na mwingine. Tulimkuta kijana yule shambani akipalilia migomba, tukamwomba radhi. Alitusamehe, lakini uwanjani hakurudi.

Ndiyo maana habari za besiboli ya Marekani zilinigusa. Mchezaji Joe Jackson alifungiwa maisha mwaka 1921 kwa tuhuma za kuuza fainali za 1919, ingawa mahakama ya Chicago ilikuwa imemwachia huru. Nyota mwingine wa mchezo huo, Pete Rose, alifungiwa 1989 kwa kamari. Akafariki Septemba 2024. Mei 13, 2025, kamishna wa besiboli Rob Manfred aliamua kuwa kifungo cha maisha hukoma mtu anapofariki. Majina ya marehemu hao wawili yakaondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa.

Lakini marehemu hasikii makofi. Viongozi wenzangu wa michezo, adhabu iwe kali panapostahili, ila wekeni tarehe ya kuipitia upya mhusika angali hai.