Abiria na Sheria ya Safari

Tarehe 5 Septemba 2014, katika kijiji cha Sabasaba wilayani Butiama, mabasi 2 na gari dogo yaligongana katika barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na watu zaidi ya 30 wakafa. Miaka 4 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa lile lile wanalolivuka watu wa Bunda waendao Ukerewe. Kivuko hicho kilijengwa kichukue watu 101. Waliokufa walizidi 220. Baada ya misiba ya namna hii watu huuliza, "Sheria iko wapi?" Swali hilo ni la haki, lakini lina mwenzake lipaswalo kutangulia: sheria ya safari inapotungwa, ni nani aulizwaye?

Hapo zamani abiria hakuulizwa. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza 1926, wala Mwafrika hata mmoja hakuketi ndani yake mpaka 1945, walipoingia machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Mwaka 1957 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliteuliwa kuwa mjumbe. Akajiuzulu mwaka huo huo, maana aliona ya kuwa aliyoyapendekeza hayakukubaliwa. Kuwa na kiti barazani ni jambo moja, na kusikilizwa ni jambo jingine.

Siku hizi Katiba ya 1977, katika ibara ya 21, yampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye na taifa lake. Haki hii hutumikaje katika mambo ya barabara na vivuko? Yafaa kuifuata njia ya sheria tangu mwanzo.

Sheria isiyokwisha kupitishwa huitwa muswada. Muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali, kisha husomwa Bungeni mara ya kwanza. Siku hiyo hapana mjadala. Muswada hupelekwa katika kamati ya wabunge wachache, na ikiwa habari zake ni za barabara, reli, bandari au vyombo vya safari, huenda kwa kamati ishughulikiayo miundombinu. Hapo ndipo mlango wa mwananchi ulipo. Kanuni za Bunge zairuhusu kamati kumwalika mtu yeyote, kwa barua au kwa tangazo, aje kutoa maoni yake. Wafikao huwa wengi wao ni wenye mabasi, madereva, wanasheria na vyama vya watu. Lakini neno "yeyote" halimtengi mvuvi wa Majita wala mama auzaye dagaa wa Kinesi avukaye maji kwenda sokoni Musoma.

Wengi hudhani ya kuwa ni lazima kufika Dodoma. Safari hiyo kutoka Musoma ni ya kilomita zaidi ya 800, na nauli yake si ya mtu maskini. Walakini maoni yaweza kuandikwa na kupelekwa kwa Katibu wa Bunge, au kukabidhiwa kwa mbunge wa jimbo. Tena tangu 2021 sheria imeagiza ya kwamba lugha ya sheria za nchi iwe Kiswahili. Kwa hiyo msomaji wa darasa la 7 aweza kumsomea babu yake muswada, jambo ambalo zamani lilihitaji mtu ajuaye Kiingereza.

Tatizo kubwa ni wakati. Kamati hukutana siku chache kabla ya mkutano wa Bunge au wakati wa mkutano wenyewe, na pengine tangazo hutoka zikiwa zimebaki siku kidogo tu. Muswada uletwao kwa hati ya dharura huenda mbio zaidi. Atakaye kusema hana budi kusikiliza redio na kusoma magazeti kila Bunge likaribiapo kukutana. Hapa wabunge nao wana deni, kwa maana mwaliko umfikiao mtu jioni, shauri likiwa la kesho asubuhi, haukutofautiana sana na kutoalikwa.

Maoni yenyewe yasemweje? Chukua mfano wa watu wa pwani ya ziwa wanaotaka kusema juu ya vivuko. Wakiandika, "Vivuko vyetu ni vibaya, serikali itusaidie," maneno hayo ni ya kweli, lakini kamati haina pa kuyaweka. Wakiandika ya kuwa ibara fulani ya muswada yaagiza hesabu ya abiria iandikwe, lakini haikutaja ni nani azuiaye kivuko kisiondoke hesabu ikizidi, tena siku ya gulio watu husongamana kupita kiasi, basi wamewapa wabunge kitu cha kushika. Waziri akikubali, neno hilo huingizwa katika jedwali la marekebisho, na asubuhi moja hugeuka kuwa sheria. Asipokubali, kamati yaweza kulitaja katika taarifa yake isomwayo mbele ya Bunge zima muswada unaposomwa mara ya pili.

Lakini si kila shauri la safari ni la Bunge. Nauli za mabasi hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, nayo huitisha mikutano ya kupokea maoni kabla ya kuzibadili. Kuna na baraza la kuwatetea watumiaji wa usafiri huo, liwezalo kusema kwa niaba yao. Mahali pa kuegesha bodaboda mjini Bunda, au ushuru wa stendi ya Musoma, ni kazi ya halmashauri kwa sheria ndogo. Sheria za serikali za mitaa za 1982 zaitaka halmashauri iwatangazie watu kusudi lake na kupokea mapingamizi, na mkutano wa madiwani wote huwa wazi kwa mtu yeyote kuingia na kusikiliza. Safari ya huko ni fupi, wala kwa kawaida watu hawajai humo.

Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Katiba ya Kenya ya 2010 yaliamuru Bunge kuwashirikisha wananchi katika utungaji wa sheria. Kwetu, kanuni zimeipa kamati uwezo wa kualika. Kwa hiyo mtu wa Mara aonaye ya kuwa kamati imekaa kimya aweza kumwandikia mbunge wake na kuomba mwaliko utangazwe, tena mapema, muswada ukiwa bado haujafika mara ya pili.