Siku shamba ya mama inaingia mu carré ya kampani

Mu nyumba mingi za Kolwezi, za Likasi, za Kambove na za Fungurume, hesabu ya mwezi inafanywa na watu wawili. Baba anashuka mu mugodi, ao anachimba mu kariere na kuuza mawe ku depo. Mama iko na shamba. Mushahara ukichelewa, ao bei ya kobalti ikianguka, shamba njo inaweka bukari, sombe na kalanga ku meza. Kwa hiyo, siku vijana wa kampani wanafika na karte na GPS, wanapiga vijiti vya chuma mu mistari ya muhindi na kufunga kamba nyekundu ku miti, haiko mama peke yake anapoteza. Ni nyumba nzima. Na mara zingine baba iko mufanyakazi wa kampani ile ile, anaogopa hata kufungua kinywa.

Mu mikutano ya mugini kunatoka kila mara neno moja: udongo ni ya Serikali, ninyi hamuna karatasi, basi shukuruni kwa kile mutapewa. Neno ile ni nusu ya kweli. Tuangalie nusu ingine, kwa sababu ile njo haielezwe sana.

Nusu ya kwanza inatoka mu sheria ya udongo, ile ya tarehe 20 Julai 1973. Article 53 inasema udongo wote ni mali ya Serikali peke yake. Article 387 ikaongeza kama hata mashamba ya migini, kwenye watu walikuwa wanalima tangu babu zao, yaliingia mu mali ya Serikali. Kiisha article 389 ikatoa ahadi: haki za wanamugini juu ya udongo ule zitapangwa na ordonnance ya Président wa Inchi. Watu walingojea ordonnance ile miaka makumi na makumi. Wengi walizaliwa, wakalima, wakazikwa, bila kuiona. Mama mwenye alionyeshwa kipande ya udongo na shefu, akatoa kuku na pombe vile desturi inataka, hakufanya kosa lolote. Ni Serikali njo haikutimiza kazi yake.

Juu ya ile kukaja Code Minier ya 2002, yenye iligeuzwa na sheria ya tarehe 9 Machi 2018. Yenyewe inatenganisha udongo na mawe yenye iko chini yake. Mwenye titre ya udongo hawezi kusema shaba yenye iko chini ni yake. Na mwenye permis ya mine hawezi kusema mihogo yenye iko juu ni yake. Permis inapimwa kwa carré, na carré moja ni hektare 84,955. Ukiwa na nusu hektare, mule ndani hauonekane. Ku karte ya Cadastre Minier eneo yako ni rangi tupu, hakuna muhindi, hakuna muti wa maembe, hakuna kaburi. Permis d'exploitation inatolewa kwa miaka 25, na inaweza kurudishwa upya. Mutoto mwenye anazaliwa leo atakuwa na watoto wake kabla iishe.

Sasa nusu ya pili. Article 281 ya Code inasema hivi, kwa maneno yetu: kampani ikikamata udongo na kuwakataza wenye haki wasiitumie, ao ikiiharibu mpaka haiwezi kulimwa tena, inapashwa kulipa malipo ya haki. Malipo ile ni bei ya kukodi udongo, ao thamani ya udongo siku ulikamatwa, na juu yake kuongeza nusu. Kama shamba ilihesabiwa franka milioni moja, malipo haiko milioni moja. Ni milioni moja na nusu. Watu wengi walitia alama ya kidole ku karatasi bila kusikia habari ya nusu ile.

Lakini mustari wenye nguvu kupita yote ni ule unaofuata. Code inaeleza maana ya neno «terrain»: ni udongo wenye watu walitumia siku zote, ao wanatumia kweli leo, kwa haki yoyote. Haisemi titre. Haisemi certificat d'enregistrement. Inasema haki yoyote. Basi mama mwenye analima pale tangu miaka kumi iko ndani ya sheria, hata kama hana karatasi hata moja. Mutu wa kampani akikuambia «leta titre yako kwanza», muulize article 281.

Kuna neno dogo mule lenye linadanganya watu. Malipo inakuja kwa ombi la wenye haki. Maana yake, ukinyamaza, mutu anaweza kusema haukuomba kitu. Ombi la mudomo, chini ya muti, mbele ya shefu, kesho hakuna mwenye atalikumbuka. Andika barua, hata fupi, hata mutoto wa masomo akuandikie: jina lako, mahali shamba iko, vitu gani vimepandwa, tangu mwaka gani. Fanya kopi mbili, na ile yenye inabaki kwako watie accusé de réception.

Kiisha kunakuja kuhesabu, na hapa njo watu wanapoteza sana. Kwetu muhindi inapandwa mu mwezi wa kumi na moja, mvua ikishika vizuri, na inavunwa mwezi wa ine na wa tano. Kikundi cha kuhesabu kikifika mwezi wa munane, wakati wa vumbi, kinakuta udongo mutupu na majani yenye kuchomwa. Mukaguzi anaandika: «jachère». Mama anaonekana kama mutu mwenye hakulima, na kumbe alivuna mifuko yake na kuifikisha ku nyumba zamani. Muhogo ni vingine tena: unakaa mu udongo mwaka moja na zaidi, na ule wa miezi mitatu hauwezi kuwa na bei sawa na ule wenye uko karibu kungolewa. Muti wa maembe wenye umeanza kuzaa ulikula miaka ya kungoja. Kuulipia kama mukungu moja ya ndizi ni kumuibia mutu. Piga foto ya shamba kila musimu, telefone yoyote inaenea. Ita agronome wa secteur aone muhindi ukingali unasimama, haiko nyuma.

Tangu Règlement Minier ya Juni 2018, kuna Annexe XVIII, yenye inapanga namna ya kulipa na kuhamisha watu. Na kuhesabu iko na tarehe yake ya mwisho: vile ulipanda nyuma ya tarehe ile, usingojee malipo. Tarehe ile inapashwa kutangazwa wazi. Mu migini mingine watu wanaisikia wakati imekwisha kupita, wengine wanaisikia mbele kwa sababu ndugu yao anafanya kazi ku bureau, na wanapanda miti ya maembe mia mu wiki moja. Wote tunajua michezo ile. Mwisho wake kampani inashuku kila mutu, hata mama mwenye alipanda kwa haki.

Jina ya nani inaandikwa ku fiche? Mara mingi ni jina ya bwana, «chef de ménage». Bwana yuko ku mugodi, mama njo anashika jembe, na feza inapita mu mikono ya bwana. Hatuseme mabwana wote wanakula feza na kununua piki-piki. Lakini sheria inasema juu ya mwenye anatumia udongo, na hakuna article yenye inakataza muke kuandikwa kwa jina yake. Ni vile vile kwa shefu: anaweza kushuhudia kama shamba ni yako, anaweza kusimama kati ya watu na kampani, lakini malipo ya mihogo yako haiko yake.

Hata mbele ya malipo kuna mipaka. Article 279 inakataza kukamata udongo wenye uko chini ya metre 45 ya shamba yenye kulimwa, ao chini ya metre 180 ya nyumba, kama mwenyewe hakukubali. Kwa ferme ya ngombe, na kwa mahali pa kutunza maji ya mutu, ni metre 90. Na kama kampani imekamata eneo lakini haijaanza kuchimba pale, mulimaji anaweza kupatana nayo na kuendelea kulima, bila kujenga. Maneno ile iandikwe pia. Na kama maji ya asidi ao vumbi vinaharibu shamba yenye iko inje ya mupaka, article 285bis ya 2018 inaamuru kampani ilipe hata kama haikukosa kitu.

Mukishindwa kupatana, Code inatoa miezi mitatu ya kusikilizana, mbele ya wakubwa wa mahali ao mbele ya magistrat wa parquet. Kiisha ni tribinali. Tunajua vile tribinali iko mbali, na transport, na avocat. Kwa hiyo walimaji wenye wanakuja pamoja, na orodha moja, wanasikiwa kuliko mutu moja moja. Kampani inapenda kuongea na mutu moja moja.

Hapa wasomaji wetu wengine hawatafurahi. Code haikamate kampani kubwa peke yake. Mutu mwenye anachimba na carte ya exploitant artisanal iko na deni ile ile: article 112 inamuomba apatane na mwenye udongo juu ya malipo ao bei ya kukodi, na alipe mutu yeyote mwenye aliumizwa na kazi yake. Kuchimba mu bustani ao mu concession ya mutu bila ruhusa yake ni haramu. Tangu 2014, wakati kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo, ku Kolwezi, tuliona namna mashimo inafika mpaka ku mulango wa jikoni. Shamba yenye imechimbwa na kuachwa na mashimo wazi, hakuna jembe itaingia mule tena, na mvua ikinyesha mutoto anaweza kutumbukia. Ndugu zetu wachimbaji wanalilia kampani juu ya udongo. Mama wa mugini ule analilia nani?

Ku Lubumbashi, wakati wa guvernere Moïse Katumbi, mukoa uliomba kila kampani ya mine ilime hektare 500 za muhindi. Wengine walilima, wengine walitafuta njia ya kukwepa, na bunga mingi ikaendelea kupita Kasumbalesa kutoka Zambia. Mawazo haikuwa mubaya. Lakini kampani yenye inalima hektare 500 upande huu na kukamata mashamba ya mamia ya wamama upande ule, hatuone ni hesabu gani.

Leo sheria inaweka feza kwingine. Ku redevance minière, Code ya 2018 inapatia secteur, shefferi ao commune mwenye mugodi uko ndani yake 15 kwa mia. Juu ya ile, kampani inatoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali. Feza ile inaweza kununua mbegu, inaweza kutengeneza barabara ya kufikisha mihogo ku soko, inaweza kulipa agronome apate piki-piki na mafuta. Ku bureau ya secteur kunapashwa kuwa budget yenye kuandikwa. Mutu yeyote wa mahali anaweza kuingia na kuomba kuiona, na mwezi wa tisa ni wakati muzuri wa kwenda, mbele ya majembe kuanza kazi.