Mapato ya Kushiriki na Mapato ya Kukaa: Fahamu Mitandao ya Kijamii Inayolipa kwa Tokeni

Mkazi wa Kinondo mwenye simu huenda amepokea ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza unasema: jiunge na mtandao huu, andika, weka picha, ulipwe. Wa pili unasema: weka pesa zako hapa, usifanye lolote, zitazaa zenyewe. Mara nyingi jumbe hizi mbili huhusu mtandao mmoja, na anayezituma ni jirani, ndugu au mwanachama wa chama chenu.

Makala hii inaeleza tofauti ya njia hizo mbili. Mapato ya kushiriki hutokana na kazi unayoifanya ndani ya mtandao. Mapato ya kukaa hutokana na pesa ulizofungia humo. Mwananchi anapaswa kujua malipo yanatoka wapi na anaweza kupoteza nini kabla hajatoa akiba yake au ya kikundi chake.

Mitandao hii ni ya namna gani?

Mitandao hii hutumia teknolojia iitwayo blokucheni. Ifikirie kama daftari la chama. Katika chama, katibu ndiye anayetunza daftari, na likipotea au likiandikwa vibaya, ugomvi huanza. Katika blokucheni, nakala za daftari hilo hutunzwa na kompyuta nyingi katika nchi mbalimbali. Kila muamala huonekana na wote, na kilichokwisha kuandikwa ni vigumu sana kukifuta.

Steemit, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2016, ni mmoja wa mitandao ya kijamii ya kwanza kutumia daftari la namna hiyo kuwalipa watumiaji wake. Mwaka 2020 sehemu kubwa ya wanachama wake walijitenga na kuanzisha Hive. Utaratibu wa Hive ni huu: unaandika makala au unaweka picha, wanachama wengine wanaipigia kura, na baada ya siku 7 malipo hutolewa. Nusu ya malipo huenda kwa mwandishi na nusu kwa waliompigia kura. Malipo hayo si shilingi. Ni tokeni, yaani sarafu ya kidijitali ya mtandao wenyewe.

Kura za wanachama hazina uzito sawa. Aliyefungia tokeni nyingi, kura yake hulipa zaidi. Mgeni asiye na tokeni anaweza kuandika vizuri, lakini kura yake ina uzito mdogo mno.

Malipo yanatoka wapi?

Hili ndilo swali ambalo ujumbe wa simu haulijibu. Katika Hive, tokeni mpya hutengenezwa kila wakati. Asilimia 65 ya tokeni hizo huenda kwenye mfuko wa waandishi na wapigakura. Asilimia 15 huenda kwa waliofungia tokeni zao. Asilimia 10 huwalipa wanaoendesha kompyuta zinazotunza daftari, na asilimia 10 iliyobaki huingia kwenye mfuko wa kugharamia miradi ya mtandao.

Kwa hiyo anayelipwa kwa kukaa anapokea sehemu ya tokeni mpya. Tokeni hiyo inakuwa pesa ya kununulia unga pale tu mtu mwingine anapokubali kuinunua. Mtandao usipokuwa na waandishi wa kusomwa wala wasomaji wa kurudi kesho, hakuna sababu ya mtu kuitaka tokeni yake.

Bei nayo hupanda na kushuka kwa kasi. Tokeni ya Steem ilifika karibu dola 8 za Marekani mwanzoni mwa Januari 2018. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshuka chini ya nusu dola.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkazi ana shilingi 10,000. Ananunua tokeni 1,000 kwa bei ya shilingi 10 kila moja, na anaahidiwa asilimia 20 kwa mwaka. Mwaka unakwisha, ahadi inatimizwa, naye ana tokeni 1,200. Lakini bei imeshuka hadi shilingi 4. Tokeni zake zote sasa ni shilingi 4,800. Riba ameipata na zaidi ya nusu ya pesa zake imepotea.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Katika Hive, tokeni ulizozifungia ili kura yako iwe na uzito hazitoki kwa siku moja. Hutolewa kidogo kidogo kwa wiki 13. Mtoto akifukuzwa karo leo, au boti ikiharibika mashine, pesa hizo hazitakuwa mkononi.

Wanaoshiriki na wanaokaa

Mshiriki husoma kazi za wengine, huandika, hujibu na kupiga kura kwa hiari yake. Mapato yake ya mwanzo huwa madogo sana, na pengine hayafikii gharama ya bando. Hukua kadiri anavyojulikana na kuaminiwa.

Mkaaji hufungia tokeni na kusubiri. Wengine hukodisha uzito wa kura zao kwa watu wengine, au huweka programu ya kuwapigia kura bila wao kusoma chochote. Njia hizi haziwi wizi kwa sababu tu mtu amekaa. Hata katika chama kuna mwanachama anayeleta hisa tu na hafiki mikutanoni. Tatizo huanza wakaaji wanapokuwa wengi kuliko washiriki.

Steemit ilipitia hali hiyo mwaka 2017 na 2018. Programu za kuuza kura zilienea. Aliyekuwa na pesa alinunua kura na maandishi yake yakapanda juu, hata kama hayakuwa na maana. Mwandishi mzuri asiye na mtaji alibaki chini. Mwezi wa Agosti 2019 kanuni zilibadilishwa: fungu la wapigakura likaongezwa kutoka robo hadi nusu ya malipo, ili watu waone faida ya kusoma na kuchagua kazi nzuri.

Funzo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2020. Mwezi wa Februari, mfanyabiashara Justin Sun aliinunua kampuni ya Steemit, na mvutano ukazuka kati yake na wanachama kuhusu nani asimamie daftari. Tarehe 2 Machi, masoko makubwa ya kubadilishia sarafu za kidijitali yalipiga kura kwa kutumia tokeni ambazo wateja wao walikuwa wameziweka huko. Wasimamizi waliochaguliwa na wanachama wakaondolewa. Wenye tokeni hizo hawakuulizwa.

Tarehe 20 Machi 2020, washiriki walianzisha daftari lao jipya, na ndilo Hive. Waliweza kwa sababu walikuwa wakijuana, wakizungumza kila siku na kujua mtandao unavyofanya kazi. Aliyekuwa ameacha mali yake mikononi mwa mwingine alikuta imekwisha kutumika kuamua jambo asilolijua.

Kwale ina mfano wake: Sarafu

Hatuna haja ya kutazama Marekani pekee. Kaunti yetu imeshuhudia mfumo wa blokucheni unaofanya kinyume kabisa, yaani unaomtoza anayekaa.

Shirika la Grassroots Economics, lililoanzishwa na Will Ruddick, lilianza mwaka 2013 na vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa. Mwanzo ulikuwa mgumu. Mwaka huo huo watu sita walikamatwa kwa kushukiwa kughushi pesa, na baadaye mashtaka yakaondolewa. Kuanzia mwaka 2018 vocha hizo ziliingizwa kwenye blokucheni kwa jina la Sarafu, zikatumika hata kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti. Kinango, hapa Kwale, ikawa miongoni mwa maeneo yaliyozitumia zaidi. Wakati wa Korona, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilishirikiana na mradi huo.

Sarafu haikukusudiwa kuwekwa ili izae. Mama anayeuza mboga hupokea sehemu ya bei kwa Sarafu, naye huitumia kumlipa fundi cherehani, na fundi huitumia kununua maji. Pale ambapo shilingi ni chache lakini watu wana bidhaa na ujuzi, biashara huendelea.

Vocha hizi zimekuwa na ada ya kukaa, mara nyingi asilimia 2 kwa mwezi. Aliyeziweka vocha 1,000 bila kuzitumia hubaki na 980 baada ya mwezi mmoja, na karibu 785 baada ya mwaka. Kinachokatwa hurudi kwenye mfuko wa jamii. Anayetumia na kupokea kila wiki haumizwi sana na makato hayo. Anayelimbikiza ndiye anayelipa.

Watafiti waliochunguza miamala ya Sarafu ya kati ya Januari 2020 na Juni 2021 waligundua kwamba vocha zilizunguka hasa ndani ya maeneo ya karibu, kati ya watu wa kazi tofauti, na kwamba vikundi vya akiba na viongozi wa dini walikuwa nguzo za mzunguko huo. Hili halitawashangaza wazee wetu. Mweria, desturi ya Wamijikenda ya kulimiana mashamba kwa zamu, ilitegemea jambo hilo hilo: leo kwako, kesho kwangu. Asiyefika kwenye shamba la mwenziwe hakutarajia watu kwenye lake.

Sarafu nayo ina mipaka yake. Duka lisipoipokea, vocha haina kazi. Haimlipi daktari wala nauli ya matatu ikiwa hawajakubaliana kuipokea. Thamani yake ni ahadi za watu wanaoitumia.

Hata mikoko haikai bure

Mtu anaweza kusema kwamba mikoko ya Gazi inaleta pesa kwa kusimama tu. Mradi wa Mikoko Pamoja, unaohusu vijiji vya Gazi na Makongeni, umekuwa ukiuza hewa ukaa tangu ulipopata cheti mwaka 2013, na mapato yamesaidia miradi ya maji na elimu. Lakini wakazi wanajua kazi iliyopo. Kuna kupanda miche, kulinda dhidi ya ukataji, kupima miti na kukutana kuamua matumizi ya fedha. Kazi hiyo ikisimama, hakuna cha kuuza. Wahenga walisema: mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kujiunga

1. Nani ananilipa, na pesa zake zinatoka wapi? Ikiwa jibu ni wanachama wapya tu, ondoka.

2. Je, naweza kujiunga na kushiriki bila kulipa chochote? Mtandao unaothamini kazi yako hautakudai ada ya kuingia ili uandike.

3. Nikitaka pesa zangu, zitanifikia baada ya muda gani, na kwa bei ya siku ipi?

4. Nani anashika funguo? Pochi ya kidijitali hufunguliwa kwa maneno au namba za siri. Anayezijua anaweza kuhamisha kila kitu, na hakuna ofisi ya kukurudishia. Usimpe mtu yeyote, hata anayekusaidia kujisajili.

5. Ninaandika nini? Kwa kuwa daftari halifutiki kwa urahisi, usiweke picha za watoto, namba ya kitambulisho wala siri za familia.

6. Je, naombwa mwili wangu badala ya kazi yangu? Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni kupigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin ili wapewe tokeni. Serikali ilisitisha shughuli hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data iliyokusanywa ifutwe.

Kwa viongozi wa vyama: akiba ya kikundi isihamishiwe kwenye tokeni kwa uamuzi wa mweka hazina au mwanachama mmoja. Jambo liletwe kikaoni, lielezwe kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa, na liandikwe kwenye kumbukumbu.

Sheria inasemaje?

Benki Kuu ya Kenya ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu sarafu za kidijitali tangu Desemba 2015. Mwaka 2025 Kenya ilipitisha sheria ya watoaji wa huduma za mali za kidijitali, inayoipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara hiyo. Anayekuomba pesa ili akununulie tokeni, muulize leseni yake. Malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya taarifa zako binafsi hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Ukitapeliwa, piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe, ukiwa na jumbe na namba za miamala.

Taarifa hii haipendekezi mtandao wala sarafu yoyote. Mkazi anayetaka kujaribu anashauriwa aanze kwa kushiriki: asome, aandike kuhusu uvuvi, mapishi, Kaya Kinondo au chochote anachokijua vizuri, na aone kama kuna wanaomsoma. Akikosea, atakuwa amepoteza muda na bando. Anayeanza kwa kufungia akiba na kusubiri, akikosea atakuwa amepoteza akiba yenyewe.