Mpira wa usiku unalipiwa, kiwanja cha jioni ni bure

Ndugu mkazi wa Lobule, Imvepi au Rhino Camp, msimu wa Kombe la Dunia hata asiyependa mpira anautambua. Watoto wanaanza kuitana majina ya wachezaji na baba anachelewa kurudi nyumbani. Msimu wa 2026, tarehe 11 Juni hadi 19 Julai, una jambo lake. Mashindano yamewekwa Marekani, Kanada na Mexico, kwa hiyo mechi nyingi kwetu zinaangukia usiku. Ufunguzi, Mexico na Afrika Kusini, ulipangwa saa nne usiku kwa saa za Uganda, na fainali vilevile. Nyingine ni alfajiri.

Je, umefikiria maana yake? Kibanda cha video kinataka kiingilio, na karibu yake wapo wa kubeti wanaosubiri pesa ya chakula. Mbu wa malaria naye huuma usiku, na huo ni wakati wa mvua hapa West Nile. Hatusemi usitazame mpira. Tunasema mtoto asikeshe huko. Mpe mchezo wake mwenyewe, jioni, pasipo kutoa hata shilingi.

Anzeni saa kumi na nusu, jua likipungua ukali. Mpira wa matambara yaliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kukazwa kwa kamba unatosha. Okoteni kwanza miiba na vipande vya chupa.

Tatizo letu la kila mara ni vijana wakubwa kuteka kiwanja chote. Wekeni utaratibu: watoto wadogo kwanza, kisha akina mama, vijana mwisho. Waliosoma shule za Uganda wanaijua kwepena: wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, aliye katikati anakwepa. (Jina lenyewe, Mswahili halimpi shida.) Mchezo huu tunaupenda kwa sababu mrushaji hahitaji kukimbia, hivyo anayetumia magongo au kiti cha magurudumu anacheza sawa na wengine. Kuvuta kamba ni kwa familia nzima. Wazee wana bao chini ya mwembe.

Msipange timu kwa kabila wala kwa nchi. Mkongo, Msudani Kusini na mwenyeji wavute kamba upande mmoja.

Wapo wazazi wanaosema huko ni kupoteza wakati. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Na kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wakimbiaji watano wa timu ya wakimbizi walikuwa Wasudani Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya.

Leteni dumu la maji safi, na kila mtoto na kikombe chake. Kifundo cha mguu kikiteguka, usikikande kwa nguvu. Mpumzishe, weka kitambaa chenye maji baridi, inua mguu. Asipoweza kukanyaga hatua nne, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Jua linazama kama saa moja. Kabla ya hapo watoto wawe wameoga, wamekula, wako karibu na neti. Matokeo ya usiku watayasikia redioni asubuhi.