Cheche ya mpakani: Fundi asiiwahishe

Boda boda ilianzia huku mpakani, Busia na Malaba, katika miaka ya 1960, ikiwa baiskeli ya kuvusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Leo barabara zimetekwa na pikipiki za mipigo minne, hasa Bajaj Boxer na TVS. Hizo taimingi yake, yaani wakati wa kutoa cheche, hupangwa na kisanduku cha CDI, na fundi hana cha kuzungusha. Injini za mipigo miwili ni za kizazi kilichotangulia: Yamaha AG100 na DT, zilizowabeba maafisa wa kilimo na wahudumu wa mashirika vijijini. Ni nyepesi, zinafunguka upesi, na humtia fundi hamu ya kuziongezea nguvu.

Kwa kawaida huanza na kichwa cha silinda. Hukwanguliwa kwenye lezi ili mgandamizo upande, kisha ekzosi hubadilishwa. Nguvu huongezeka, na hatari pia. Injini ya mipigo miwili hutoa cheche kila inapozunguka. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, ni cheche 100 kwa sekunde. Kila moja hutangulia pistoni kufika juu kabisa, kwa kuwa moto unahitaji muda kuenea. Kutangulia kwa nyuzi 20 katika kasi hiyo hakufiki hata elfu moja ya sekunde.

Mgandamizo ukipanda, moto huenea haraka zaidi, kwa hiyo cheche inafaa icheleweshwe kidogo. Kishawishi ni kuiwahisha, maana injini iliyowahishwa huitika upesi ikiwa tupu. Ipakie magunia mawili ya mahindi, itaanza kugonga: mafuta yaliyosalia hulipuka yenyewe kabla ya moto kuyafikia. Mlio huo ukiachwa, pistoni hutoboka. Cheche ikichelewa mno nayo, nguvu hupotea na joto huishia kwenye ekzosi.

Mwinuko wa huku mpakani, takriban mita 1,200, hupunguza hewa inayoingia silindani, na hivyo humpa fundi unafuu kidogo. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huufuta unafuu huo, kwani hugonga upesi. Ni uchakachuaji wa mafuta uliofanya Kenya mwaka 2018 iweke tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Kazi yenyewe haitaki kubahatisha. Plagi hutolewa, saa ya kupimia ikafungwa kwenye tundu lake, pistoni ikatafutwa ilipo juu kabisa, kisha magneto hurudishwa hadi milimita zilizo kwenye kitabu cha injini. Kwenye pikipiki ambayo sahani ya magneto ina matundu marefu, boliti hulegezwa: kuizungusha sahani uelekeo wa magneto huchelewesha cheche, kinyume chake huiwahisha. Kipimo cha kitabu ni cha injini isiyoguswa. Iliyokwanguliwa kichwa ianze na cheche inayochelewa kidogo kuliko hapo.

Kisha ijaribiwe ikiwa na mzigo, na plagi itazamwe. Vidoa vya alumini kwenye kauri ni pistoni inayomenyuka. Kipimo cha taimingi kiwe mzigo mzito kuliko yote atakaopakia mwenye pikipiki, na petroli mbaya kuliko zote atakayouziwa.